Breki za Pasta

Ukiwa umetoka Baraka unaenda Lweba, na nyuma yako ukasikia mwanaume anapiga kelele "Mujitenge! Mujitenge!" kama nyumba inaungua, hukugeuka kuangalia. Uliruka. Mtoto ulimtupa upande huu wa barabara, beseni la ndagala, dagaa wa ziwa letu, upande ule, na wewe mwenyewe ukaingia kwenye mihogo ya watu. Halafu pikipiki ikapita. Juu yake alikaa mwanaume mrefu, kofia imefungwa kwa kamba chini ya kidevu, miguu yote miwili iko chini inaburuta vumbi. Akishapita alipiga kelele tena, bila kugeuza shingo: "Bwana asifiwe, bamama!" Na sisi, ndani ya mihogo, tulijibu amina.

Huyo ndiye aliyekuwa Pasta wetu, miaka ile yote ya chama kimoja. Siku hizi kwenye matanga nasikia vijana wanamsifu kama mtu aliyeshuka kutoka mawinguni. Mimi sitasema hivyo. Nilikaa naye jirani miaka mingi, moshi wa jiko lake uliingia kwangu na wangu kwake. Alikuwa mtu mwema. Alikuwa pia mtu wa kusumbua sana.

Mjue kwanza kwamba Pasta alijua kuchagua. Kwenye soko la samaki la Baraka wauzaji walimuogopa. Kila mukeke alimfungua shavu akaangalia wekundu wa ndani, akambonyeza jicho, akamnusa, akamrudisha, akachukua mwingine, kisha akarudi kwa yule wa kwanza. Mama mmoja alichoka, akamwambia, "Pasta, unanunua samaki ao unamutafutia bwana?"

"Mama, huyu anaenda kuingia mu nyumba yangu," akajibu bila kucheka. "Lazima nimujue."

Nyimbo vilevile. Alifungua kitabu, akakifunga, akakifungua, akalowesha kidole, mpaka bamama wa kwaya wakachoka wakaanza wimbo wao. Hapo aliinua mkono na kusema, "Njo ule nilikuwa natafuta."

Lakini hayo yote yalikuwa mbele ya vitu. Mweke Pasta mbele ya mtu, mtu aliyemletea kitu kwa mikono miwili, akili yote ilimtoka. Hakuweza kusema hapana. Hakuweza hata kusema ngoja. Kwenye mimbari alitupiga vizuri sana, walevi, wachawi, wenye kusengenya, kila mmoja na fimbo yake. Akishuka tu, mlevi wa kwanza aliyemshika mkono mlangoni alimpeleka alikotaka.

Sasa breki, ao fre kama tunavyosema kwetu. Pikipiki za wakati ule, ndani ya gurudumu la nyuma kuna vyuma viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, kila kimoja kimevalishwa ngozi ngumu mgongoni. Tuliviita sabo. Ukikanyaga, vinapanuka, vinabana gurudumu kwa ndani, unasimama. Ngozi ikiisha, husimami. Hakuna siri nyingine.

Sabo mpya zilipatikana ng'ambo ya ziwa, Kigoma, ao Bujumbura kwa kupitia Uvira. Wafanyabiashara wote wa barabara hiyo walijua Pasta anatafuta. Walijua pia kwamba hapimi. Mtu alikuja na sabo za pikipiki nyingine kabisa, ndogo kama za kuchezea ao kubwa kama za lori, akasema, "Pasta, nimetembea na hizi toka Uvira, nikikufikiria wewe." Basi imekwisha. Yule aliyemfungua samaki shavu alipokea bila kuangalia, akashukuru, akaziweka kwenye sanduku chini ya kitanda. Mama Pasta, mke wake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtumbwi toka pwani, alituambia kisimani: "Mi nalala juu ya fre za dunia muzima, na bwana yangu hajue kusimama."

Na hata alipopata zinazoenea, hazikudumu. Sababu tuliijua wote, na yeye aliijua kuliko sisi. Ni mafuta. Pasta alikuwa na makanisa madogo ya huku chini ziwani na mengine ya huko juu, kwa wafugaji wanaosema Kinyarwanda. Huku chini watu walitoa fungu la kumi kwa mawese. Huko juu walitoa samli ya ng'ombe. Akipanda alifunga nyuma ya kiti bidoni la mawese. Akishuka alifunga kibuyu cha samli. Bidoni lilivuja, kibuyu kilivuja, na chini yao ni gurudumu la nyuma. Mama Pasta alimwambia kila mara, "Angalia kifuniko mbele ya kufunga!"

"Nitaangaliaje, na mwenye kunipa amesimama pale?"

Hapo alikuwa na haki kidogo, lazima niseme. Kwetu huwezi kupokea zawadi mbele ya aliyekupa halafu ukaanza kuigeuza chini juu kama mpelelezi. Unapokea, unasifu, unafunga, unaenda. Ukipita kona unaweza kufungua na kufunga upya. Lakini Pasta hakuweza kusimama kwenye kona, kwa kuwa breki zilikuwa zimekwisha kunywa mafuta. Basi aliteremka mlima gurudumu likipata moto na mafuta yakikaangika ndani yake. Harufu ilitangulia kufika. Mbwa wa Lweba walimfuata kuliko waumini.

Ajabu nyingine ya Pasta ni kwamba alizaliwa kando ya ziwa na aliogopa maji. Hakupanda mtumbwi hata kwenda kijiji cha jirani. Aliuona mtumbwi ni kitu cha hatari. Akasema hayo akiwa amefungwa kitambaa kwenye goti.

Aliyemharibia mambo ni mgeni mkubwa kutoka Bukavu. Wakati ule, mkubwa akija, kazi zote zilisimama, watu wakatolewa kucheza ngoma za chama. Siyo kwa kupenda. Asiyecheza alitafutwa nyumbani. Mimi pia nilikuwa kwenye mstari pale Baraka, na vitambaa vyetu vya kufanana, tunaimba majina ya baba wa taifa, tunatikisa viuno mbele ya kamisaa wa zone, mkuu wa wilaya yetu, aliyekaa kwenye kiti anatukagua kabla mgeni hajafika. Vijana wawili walikuwa wamenyoosha kitambaa kirefu kilichoandikwa sifa. Tukasikia kwa mbali, "Mujitenge!"

Bamama wa Baraka walidhani ni sehemu ya wimbo. Bamama wa Lweba tuliruka.

Pasta alipita katikati ya mstari, akachukua kile kitambaa kwa kifua, akaenda nacho mpaka mchangani, kwenye mikeka ya ndagala zinazokauka, na huko ndiko aliposimama. Alitoka amevaa sifa za taifa shingoni na ndagala kichwani. Hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wamefungwa kwa mambo madogo kuliko hayo.

Kamisaa alisimama mbele yake, akamwita raia kwa Kifaransa cha chama. "Sitwayen Pasta, unapinga chama?"

"Hapana, mukubwa," Pasta akasema, akitoa ndagala kwenye sikio. "Nilikuwa napinga mulima."

Kamisaa alikaza uso, ukamshinda. Akacheka mpaka akakaa chini. Kicheko kile ndicho kilichomlaza Pasta nyumbani usiku ule. Lakini alipomaliza kucheka aliwaita wazee wa kanisa, akasema hataki kuona tena pikipiki isiyosimama kwenye zone yake.

Pikipiki ilikuwa ya kanisa. Wazee walikaa, wakaamua hivi: Pasta atafute breki za kweli. Kabla ya mavuno ya mpunga atashuka kutoka Fizi, nao watakuwa mbele ya kanisa la Baraka, wamechora mstari. Akisimama kabla ya mstari, pikipiki ni yake ya kufanyia kazi. Akiuvuka, inaenda kwa pasta wa Swima, na yeye atabaki Lweba, mchungaji wa kukaa.

Mngefikiri ni adhabu ndogo. Kwake ilikuwa ni kukatwa mkono. Alikuja kukaa kwenye baraza yetu, nikamletea bukari na sombe, hakugusa.

"Mama Sifa," akaniambia, "kule juu iko bibi muzee moya ya bafugaji. Miguu imekwisha, haweze kushuka. Kila nikifika ananiuliza kama nimekula. Nisipofika, atafikiri nimekufa."

"Basi utafute fre, Pasta," nikamwambia. "Na kula."

Akala.

Habari ikaenea, na hapo ndipo ubaya ulipoanza, kwa sababu kila mtu alitaka kumsaidia. Mume wangu alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Alikata mkanda wake wa zamani, ule mgumu uliosukwa na nyuzi, akasema hakuna ngozi ya breki kuliko hiyo. Fundi wa viatu, aliyetushonea sote kandambili za tairi, akaleta kipande cha tairi la lori, amekichonga vizuri kwa kisu chake. Na siku hiyohiyo akashuka mchuuzi wa ng'ombe, mkristo wa kanisa la juu, na sabo mpya kabisa ndani ya karatasi, amezitoa Bujumbura. Zilienea. Tulizijaribu tukaona zinaenea kama zilizaliwa na gurudumu lile.

Walikaa wote kwenye mkeka wangu, kila mmoja na mali yake mbele yake, Pasta katikati. Mama Pasta alisimama mlangoni kwake, mikono kiunoni.

"Tairi inashika," akasema fundi wa viatu. "Angalia batu bote ya Lweba. Nani amesha kuteleza na kandambili yangu?"

"Kandambili haitembee mbio namna ile," mume wangu akasema. "Mukanda yangu umezunguka miaka na miaka na haukukatika."

"Ulikatika, njo maana uko hapa."

Mchuuzi wa ng'ombe alikuwa mtu mpole. Alisukuma tu karatasi yake mbele kidogo. "Pasta, zangu ni za kiwanda," akasema. "Lakini fanya kama moyo yako inapenda."

Pasta akaangalia huku, akaangalia kule. Alichukua kipande cha tairi akakinusa. Akagongagonga mkanda na kucha. Nikasema moyoni, leo atachagua kama samaki. Mama Pasta naye alifikiri hivyo, kwa sababu aliita toka mlangoni, "Chagua ile ya karatasi, baba, na ukuwe bado na bibi mpaka kesho!"

Lakini nyuso tatu zilikuwa zinamwangalia.

"Gurudumu iko na sabo mbili," Pasta akasema polepole. "Basi moya itavaa tairi. Ingine itavaa mukanda."

"Na za mchuuzi?" nikauliza.

"Tutazitia mbele."

Gurudumu la mbele! Waya wa breki ya mbele ulikatika zamani, na kila mtu pale alijua. Zile sabo za kiwanda zingekaa humo ndani kama wageni waliofungiwa chumbani. Nikashindwa kunyamaza.

"Pasta, fre si karamu, kila mutu apate kipande."

"Zote zimeingia, mama," akasema, na uso wake ulikuwa na raha kweli. "Hakuna aliyebaki inje."

Mume wangu na fundi wa viatu walipigilia ngozi zao na misumari midogo ya shaba, kila mmoja chuma chake, bila kusemeshana. Mama Pasta aliingia ndani akafunga mlango.

Siku yenyewe wazee walisimama mbele ya kanisa na mashati yao ya kola iliyofungwa mpaka shingoni, kwa kuwa serikali ilikuwa imekataza tai. Mzee mkubwa wao alichora mstari kwa fimbo, akaurudia ili uonekane. Nusu ya Baraka ilikuwa pale. Mama Pasta alikaa chini peke yake.

Harufu ilifika kwanza. Samli. Nikajua kwamba amepitia kwa yule bibi, na kwamba amepokea, na kwamba hakuangalia kifuniko. Mama Pasta akafunika uso na kitenge.

"Mujitenge!"

Alitokea juu ya mteremko, moshi nyuma yake kama jiko la harusi. Miguu ilikuwa juu safari hii. Alikuwa ameapa mbele ya wazee kwamba hatatumia miguu. Alikuja. Mzee mkubwa akaanza kurudi nyuma taratibu, kwa heshima, kisha bila heshima. Tulimuona Pasta anakanyaga breki, hakuna kitu, anakanyaga tena, hakuna kitu, anasimama juu yake na uzito wake wote.

Pikipiki ikasimama.

Ilisimama hapohapo, kama imepigwa msumari ardhini, mbele kidogo ya mstari. Pasta hakusimama. Yeye aliendelea. Alipita juu ya usukani, juu ya mstari, juu ya fimbo ya mzee, akaanguka kwa tumbo karibu na mlango wa kanisa, kibuyu cha samli kikamfuata. Akainua kichwa, mdomo umejaa mchanga.

"Bwana asifiwe, bazee."

Hapo mabishano yakaanza. Mzee mmoja alisema amevuka, kila mtu ameona. Mwingine akasema aliyevuka ni Pasta, pikipiki iko huku. Mzee mkubwa akasema mstari ulichorwa kwa ajili ya Pasta. "Hapana," akasema yule mwingine, "kamisaa alisema pikipiki isiyosimama. Hii imesimama. Hata sijaona kitu kimesimama kama hii."

"Tumuulize Pasta mwenyewe amesimama ao hajasimama."

"Mi nimelala," Pasta akasema toka chini.

Mama Pasta alikuwa amefika, amekwisha kumpapasa mbavu akaona ni nzima, na sasa aliwageukia wazee. "Muibebe basi! Muipeleke Swima! Hii hapa!"

Walijaribu. Wazee wanne walisukuma, ikakataa. Wakavuta nyuma, ikakataa. Gurudumu la nyuma lilikuwa limeshikana kabisa. Mzee mkubwa alijifuta jasho, akaangalia barabara ya Swima, ndefu, na jua lile. Akasema kanisa limeona kwamba pikipiki inasimama, na kazi ya Pasta iendelee.

Fundi wa viatu alipolifungua lile gurudumu, tuliona wenyewe: kipande cha tairi kilikuwa kimekunywa samli na moto, kimevimba kama mkate, kimejibana humo. Fundi wa viatu alitembea Lweba nzima akisema tairi lake limemwokoa Pasta. Mume wangu alisema ni mkanda. Mchuuzi wa ng'ombe, huko juu, aliwaambia watu wake ni sabo za kiwanda. Nilimwambia Pasta awasahihishe, maana uongo ni uongo. Akanijibu, "Mama Sifa, waache. Wote walitaka nisimame."

Miaka ilienda. Nchi ile mliijua wenyewe ilivyomalizika, maduka yakabaki rafu tupu, petroli ikawa hadithi, barabara ya Fizi ikaliwa na mvua mpaka lori haliwezi kupita. Mume wangu alikufa. Nilihamia Baraka kwa binti yangu, na Pasta nikawa nasikia habari zake tu. Wazee wa kanisa wa zamani walikuwa wamekwisha, wamekuja wengine wa kisasa. Walikuwa wameanza kuuliza kama yule mzee wa Lweba bado anaweza, ao wampe kiti Baraka apumzike, na huko juu asiende mtu tena, kwani ni mbali.

Nilipanda Fizi kwa miguu kumzika dada yangu. Nikirudi, kwenye kona moja ya mlima, nikaona mzee anakuja kutoka chini, amejikunja, anasukuma pikipiki. Kofia ilikuwa imefungwa kwa kamba. Nyuma ya kiti kuna chumvi na furushi la ndagala.

"Pasta."

Aliweka jiwe chini ya gurudumu, akanisalimu kwa mikono miwili, akaulizia wafu wangu mmoja mmoja. Nilingoja amalize.

"Imekufa wapi?" nikauliza, nikionyesha pikipiki.

"Hii? Mashini ilikufa zamani, mama. Misimu miwili sasa. Hakuna kifaa tena ku inchi hii."

"Na unaisukuma mulima muzima kwa nini? Ubebe mizigo yako kwa kichwa, kama batu."

Alijifuta uso kwa kofia. "Nikiiacha nyumbani bazee bataiona imelala. Batasema, Pasta amemaliza. Lakini nikipita Baraka nayo, asubuhi mapema, banasema, ah, Pasta anaenda mulimani na pikipiki yake." Akainyoosha shingo kuangalia kona za juu. "Na kurudi hakuna shida. Kurudi ni mteremko."

Nilitaka kumgombeza. Maneno nilikuwa nayo mengi, yamepangwa. Nikamwangalia miguu, nikaweka kikapu changu juu ya chumvi yake, nikashika nyuma. Tulisukuma mpaka pale njia inapotulia. Pale juu nikachukua kikapu changu nikashuka.

Jumapili, baada ya ibada, mzee wa kanisa mkubwa wa sasa, kijana kwangu, alinifuata mlangoni na tai yake shingoni, kwa kuwa tai zilikuwa zimerudi.

"Mama Sifa, banasema ulipitana na Pasta wa Lweba ku mulima. Uniambie kweli, kwani wewe hujue kusema uongo. Bado anaendesha ovyo? Bado anaweza ile kazi?"

Nikamwangalia machoni.

"Baba muzee," nikamwambia, "nilitembea naye kipande. Anaenda polepole sana siku hizi. Watu wanamusalimia njiani naye anabajibu mmoja mmoja. Sikumuona akianguka."

"Na fre?"

"Fre? Anasimama popote anapotaka."

Alifurahi kweli. Akasema basi wamwache aendelee.